Gereji ya Tillquist

Sikuwa na gereji. Sikuwa na baraza. Sikuwa na kitanda kinachopanda darini kwa kubonyeza swichi, wala hita ya ukutani, wala mlango wa pili wa kutokea mke akikasirika. Sikuwa na meza inayobaki kuwa meza. Yangu iligeuka kitanda kila jioni, na kila asubuhi Verlene alikikunja tena kikawa meza ili nipange vitabu vyangu. Sikuwa na mahali pa kuweka jozi mbili za viatu bila moja kukaa juu ya nyingine. Trela letu lilikuwa na urefu wa futi kumi na tisa. Kwa miaka kumi na moja, kila majira ya baridi, tulilivuta kutoka Nebraska hadi jangwa la Arizona, na sikujua kwamba nimepungukiwa na chochote mpaka Roscoe Tillquist alipoegesha kwenye kiwanja namba arobaini na moja.

Alifika Novemba, siku ya Jumatano, akivuta trela la futi thelathini na nane. Ni aina ile ambayo theluthi yake ya nyuma ni gereji. Ukuta mzima wa nyuma unashuka kama daraja, unaingiza pikipiki au kigari cha kurukia mchanga, unaufunga, unaondoka na mchezo wako ndani. Kambi yetu ya Palo Seco imeyaona mengi ya namna hiyo. Wenyewe huwa vijana wa makelele, hukaa wiki moja, hutimua vumbi, huenda zao. Nilikaa kwenye kiti changu nikingoja pikipiki itoke nipate cha kulalamikia.

Daraja likashuka. Hapakutoka pikipiki. Mle ndani mlikuwa na zulia jekundu, kochi la watu watatu, taa ya kusimama na rafu ya vikombe. Mzee mmoja mrefu, mwenye fulana ya sufu kama watu wote wa Minnesota, akalifunga daraja kwa minyororo miwili likakaa sawa na sakafu, akasimamisha vizuizi pembeni, likawa baraza. Akaweka viti viwili. Akakalia kimoja.

"Pikipiki iko wapi?" nikamuuliza. Sikumsalimu kwanza, nakiri.

"Niliiuza mke wangu alipofariki," akasema. "Yeye alikuwa anapanda nyuma. Bila yeye ikawa nyepesi mno. Karibu ukae, jirani."

"Nina kazi," nikasema, nikarudi kukaa mbele ya trela langu.

Kesho yake Verlene alimpelekea keki ya malenge, maana ndivyo tunavyofanya Palo Seco kwa mgeni yeyote, hata yule wa pikipiki. Alirudi jua likiwa limeshahamia upande wa pili wa turubai langu, nami nilikuwa nimemaliza kurasa zote za siku ile.

"Umekaa saa nzima," nikamwambia.

"Mbili. Del, ungeiona! Nimetembea hatua tisa bila kugonga goti."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu. Hapa ni tatu, na ya tatu ni choo."

Wiki ya pili akaniambia kwamba Roscoe, maana sasa alimwita kwa jina la kwanza, amemruhusu apeleke kushona kwake kule.

"Kushonea hapa kuna ubaya gani?"

Alitazama meza. Juu yake palikuwa na juzuu nne za ensaiklopidia yangu, miwani miwili na daftari. "Hapa ni maktaba, mzee," akasema. Akachukua mfuko wake wa vitambaa, akaenda.

Inafaa nieleze habari ya vitabu. Niliacha shule nina miaka kumi na minne kwa sababu baba alihitaji mikono. Nikiwa na miaka thelathini na minane, nikiwa kibarua wa kupaka grisi katika karakana ya reli, nilijiandikisha shule ya jioni, na kwa majira manne ya baridi nilikwenda mara tatu kwa wiki nikinuka mafuta. Nilipata cheti changu. Nikapandishwa kuwa mkaguzi wa breki, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Behewa lenye hitilafu nililifungia kadi nyekundu kwa waya, nikaandika kosa lake na jina langu, na hakuna bosi aliyeweza kuliondoa pale mpaka kosa lirekebishwe. Hata mara moja sikuficha hitilafu. Nilipostaafu nilinunua juzuu ishirini na mbili, nazo husafiri nasi. Kila Jumanne asubuhi, chini ya turubai langu, niliwaeleza majirani jambo moja: mwezi unavutaje maji, wino ulitoka wapi. Walikuja sita, wakati mwingine tisa.

Desemba walikuja wawili. Wengine walikuwa kwenye baraza la Tillquist, hita ikiwapulizia migongoni, na Verlene akiwa nyuma yao na sindano yake.

"Njoo ufundishie huku, Del!" wakaniita. "Huku hakuna upepo!"

Niliwafundisha wale wawili habari za volkano, tukiwa tumevaa glavu.

Usidhani nilimshuku mke wangu. Tumeoana miaka arobaini na sita, namjua. Ingekuwa mapenzi, ningejua la kufanya. Lakini mtu analionea wivu vipi zulia? Nilikuwa nikiamka asubuhi nasikia lile daraja linashuka polepole kwa sauti ya mnyororo, na moyo wangu unashuka nalo. Nilianza kulichukia trela letu, trela ambalo nililiziba kutu mwenyewe. Nilimwona Verlene anakunja kitanda, anabana tumbo anipishe nipite, anatabasamu, na nilijua anahesabu dakika afike kwenye zile hatua tisa.

Palo Seco ni mali ya wakazi wenyewe. Anayetaka kiwanja cha kudumu hukaa kwanza msimu mmoja kama mgeni, kisha jirani wa kushoto na jirani wa kulia humwandikia barua. Barua hupelekwa kwa posta, ingawa ofisi iko hatua mia mbili tu, kwa sababu zamani moja iliyobebwa kwa mkono ilipotelea mfukoni mwa mtu. Jumamosi ya kwanza ya Machi, wote tukiwa tunakula chapati za maji na shira ya utomvu wa mti, mwenyekiti huzifungua na kuzisoma kwa sauti. Jirani mmoja akikataa na akatoa sababu, mgeni huondoka.

Tillquist aliomba kiwanja arobaini na moja. Jirani wa arobaini na mbili alishaandika. Mimi niko arobaini.

Mwenyekiti wetu, Nadine Orcutt, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akanifuata. "Del, barua yako?"

"Mimi siandiki kwa haraka."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nimekuja siku kumi mapema."

Nilichukua kitabu cha sheria za kambi. Kina kurasa thelathini na moja, na sidhani kama Nadine mwenyewe aliwahi kukimaliza. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema kwamba kitu chochote kinachokunjuliwa kutoka kwenye trela kisivuke mstari wa mawe meupe. Nilifunga kitabu nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Novemba. Lile baraza! Lazima lilivuka.

Alhamisi ni siku ya mjini. Tillquist aliwapakia Verlene na akina mama wawili kwenye gari lake, na vikapu vya nguo za kufua. Nilisubiri vumbi lao litulie. Kisha nikachukua tepu yangu ya kupimia kwenye msumari wake karibu na mlango. Ni tepu ya chuma niliyopewa na reli, ina herufi za jina langu mgongoni. Nikavuka hadi arobaini na moja.

Nilipima mara tatu. Baraza lilikuwa ndani ya mstari kwa inchi mbili. Pale chini, kwenye jiwe, palikuwa na alama ndogo ya chaki. Alishapima kabla yangu.

Ningegeuka pale, hadithi ingekwisha. Lakini baraza halina mlango wa kubisha. Nilipanda.

Nilitegemea harufu ya petroli. Palinuka kahawa na pasi. Sakafuni, katikati ya zulia, palichomoza pete za chuma za kufungia pikipiki. Na pale kitanda cha gereji kinapopanda na kushuka kwenye reli nne za ukutani, godoro lilikuwa limetolewa, fremu imeshushwa hadi usawa wa kifua, na juu yake limetandazwa blanketi la viraka la Verlene, limekazwa kama ngozi ya ngoma.

Nilisimama. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, Verlene alinisimulia kwamba mama yake, kule Kansas, alikuwa na fremu ya kushonea iliyoning'inia sebuleni kwa kamba. Baada ya chakula cha mchana waliishusha, wanawake wakaizunguka. Kabla ya chakula cha jioni waliipandisha darini, watoto wakala chini yake. Alitaka moja kama ile. Nilimwambia tutaona. Sasa hapa ilikuwepo, na aliyempa hakuwa mimi. Alikuwa mtu wa miezi mitatu, kwa kutoa godoro tu.

Nikasogea karibu. Lilikuwa la mjukuu wetu Corinne, anayeolewa Mei. Duara ndani ya duara, mamia yake. Baadhi ya viraka vilikuwa vya mistari ya bluu na nyeupe. Nikavigusa. Yalikuwa mashati yangu ya reli. Mashati yangu, nyumbani kwa mwanamume mwingine!

Swichi ilikuwa ukutani, na mshale wa juu na mshale wa chini. Nikataka kuona inavyokwenda. Nilijiambia nataka kuona tu. Nikabonyeza wa juu.

Injini haikutoa sauti kubwa. Kitanda kikaanza kupanda taratibu, kwa adabu, na nakumbuka niliwaza kwamba hata injini yake ina malezi. Kisha nikasikia mlio kama turubai linalochanwa na dhoruba.

Pande tatu za blanketi zilikuwa zimebanwa kwenye fremu. Upande wa nne ulivutwa chini kwa mikanda miwili ya pikipiki, imefungwa kwenye zile pete za sakafuni. Mtu yeyote mwenye trela kama lile anajua kwamba kwanza unafungua mikanda, ndipo unapandisha. Mimi sikutazama chini. Miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuinama na kutazama chini ya kitu kabla hakijasogea.

Nilikishusha. Blanketi lilikuwa limechanika kutoka ukingoni hadi katikati, urefu wa mkono wangu mzima. Nikaenda nyumbani, nikafungua juzuu ya tatu, nikasoma ukurasa mmoja hadi gari lao liliporudi, na sijui ulihusu nini.

Sikusikia kelele. Baada ya robo saa Verlene aliingia, amebeba gunia. Alilisukumia chini ya kochi letu, akaketi mbele yangu.

"Limechanika," akasema. "Roscoe anasema ni yeye. Anasema asubuhi alikuwa anatafuta swichi ya taa akakosea."

Nikauliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimemwambia mtu anayeishi na mashine ajifunze kuitumia. Nimemwambia vibaya, Del, mbele ya watu. Miezi mitatu ile!" Alijifuta pua. "Sirudi kule."

Basi nikapata nilichokitaka. Ijumaa nzima Verlene alikaa mbele yangu mezani, mikono mapajani. Wale akina mama hawakwenda kwenye baraza la Tillquist, kwa kumhurumia Verlene. Watu wanne walinisimamisha wakaniuliza Jumanne nitafundisha nini. Nitasema kweli: kwa siku moja na nusu nilifurahi. Nilimtazama Tillquist amekaa peke yake kati ya viti vyake vingi, na kahawa yangu ikawa tamu.

Jumamosi Verlene alikwenda bafu la kambi. Tillquist akavuka, mkono mmoja umefumba kitu.

"Del. Hii ni yako."

Ilikuwa tepu yangu.

"Uliikuta wapi?"

"Chini ya kitanda kile." Aliigeuza, akatazama zile herufi. "Chuma kizuri. Siku hizi hawatengenezi namna hii."

"Uliikuta lini?"

"Alhamisi. Nilitangulia kuingia na vikapu. Verlene alikuwa bado garini."

Kwa hiyo alijua kabla hajasema ni yeye. Niliipokea tepu. Ilikuwa na joto la mkono wake.

"Kwa nini ulimwambia vile?" nikauliza.

Alichungulia ndani ya trela letu kupitia mlango, kwenye vitabu, kwenye meza, kwenye gunia lililochomoza chini ya kochi. "Mimi nikikataliwa nitahama," akasema. "Wewe unaishi naye. Na humo ndani, jirani, kwa jambo kama hili, ni padogo sana."

"Barua yako sijaiandika bado."

"Najua. Sikuja kwa ajili hiyo." Akarudi kwake, mrefu vile vile.

Hapo ndipo wivu wangu ulipokuwa mwingi kuliko siku zote. Gereji ningeweza kuizoea. Zulia, hita, hatua tisa, yote ningeyazoea. Sasa alikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nalo, na hili halikuhitaji trela. Amenisitiri! Ningemkataa, angeondoka kimya na siri yangu, na mimi ningebaki kumwona kwenye kiwanja kitupu. Ningemkubali nikanyamaza, angenipungia mkono kila asubuhi mpaka mmoja wetu azikwe, na kila mara ningejua kwamba ni mwungwana kuliko mimi. Niliichukia ile njia na niliichukia hii. Nikaona moja tu iliyobaki: nimrudishie wema wake kama tunavyorudisha sahani ya jirani, imeoshwa. Asiwe nao yeye peke yake.

Jumatatu nilikaa mezani, nikaandika kwa wino, kwa mwandiko niliofundishwa shule ya jioni.

"Kwa Mwenyekiti na wakazi wa Palo Seco. Mimi, Delmer Kopecky wa kiwanja arobaini, nimeombwa maoni juu ya Roscoe Tillquist. Baraza lake liko ndani ya mstari kwa inchi mbili. Nilipima mwenyewe, bila ruhusa. Blanketi la mke wangu hakulichana yeye. Nilipanda gerejini kwake wakati hayupo, nikabonyeza swichi bila kutazama chini, likachanika. Alijua ni mimi akajitwisha lawama. Sababu iliyonipeleka kule ni kwamba ana gereji na mimi sina, na mke wangu alipata huko nafasi ambayo sikumpa. Sijaacha kumwonea wivu. Hiyo ni hitilafu yangu, si yake. Napendekeza apewe kiwanja."

Nikatia saini. Nikaikunja mara tatu.

"Una stempu?" nikamwuliza Verlene.

Alikuwa ameketi kwenye kochi, gunia miguuni, amelifungua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Alikuwa analinganisha kingo za ule mchaniko kwa vidole, kama mtu anayepima jeraha.

"Ni ya Roscoe?"

"Ya Roscoe."

"Unamkataa."

"Utasikia Jumamosi, pamoja na wengine."

Akatafuta kwenye kikopo cha vifungo, akapata stempu, lakini hakunipa. "Del, tepu yako ilikuwa wapi?"

"Tepu gani?"

"Una tepu ngapi? Alhamisi jioni msumari ulikuwa mtupu. Ijumaa mtupu. Jumamosi narudi kutoka kuoga, imerudi." Macho yake hayakutoka usoni kwangu. "Hapa ni hatua tatu, mzee. Msumari mtupu unaonekana."

Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nilinyoosha mkono kuomba stempu.

"Jumamosi," nikasema.

Akaniwekea stempu kiganjani. "Na bahasha uilambe vizuri," akasema. "Zako ni za zamani, gundi imekauka." Akainamia blanketi, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Hakuniambia kama alikuwa amekasirika, na sikuthubutu kuuliza.

Nilitoka bila kofia. Nilipopita arobaini na moja Tillquist alikuwa barazani na kikombe chake. Akainua mkono. Viti vyake vilikuwa vitupu vyote, na bado nilivitamani.

Sanduku la posta liko mbele ya ofisi, la bluu, jua limelichubua rangi. Tarishi hupita saa tano. Nilisimama pale nikaitoa barua, nikaisoma tena yote, nikaona kwamba neno moja limepungua wino, nikalikoleza kwa kalamu. Nadine alinichungulia dirishani, akainua nyusi. Nikairudisha ndani ya bahasha. Nikailamba gundi mara mbili, nikaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, nikahesabu hadi thelathini ili ishike. Kisha nikainua kifuniko cha sanduku, nikaiachia.